Mdogo wangu anaacha heroini: methadoni, buprenofini au sindano ya naltreksoni?

DadaMkubwa aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliopitia hili au wanaolifanyia kazi.

Mdogo wangu wa kiume ametumia heroini kwa miaka kadhaa. Alianza kwa kuvuta, sasa anajidunga. Mara nyingi tumemfungia ndani mpaka arosto (mateso ya kukosa unga) iishe, na kila mara amerudia. Safari hii amekubali mwenyewe kuanza tiba, na ndipo nimejua kwamba dawa si moja: kuna methadoni ya kunywa, buprenofini ya kuweka chini ya ulimi, na sindano ya naltreksoni ya mara moja kwa mwezi.

Nyumbani tumegawanyika. Baba mdogo anataka sindano, anasema methadoni ni kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Mama anataka chochote kitakachomfanya mtoto alale nyumbani. Mimi nataka kujua ipi itamshika asirudi.

Kingine, sijui kama kina uzito: yuko kwenye dawa za kifua kikuu, na humeza diazepamu za kununua mtaani ili apate usingizi.

MuuguziWaZamu:

Dada, nianze na hilo uliloliweka mwisho, maana lina uzito kuliko yote. Dawa za kawaida za TB zina rifampisini, nayo hulifanya ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye dozi yake anaanza kupiga miayo, kutoka jasho na kuumwa mifupa, usiku halali. Familia inamshuku amerudia, kumbe dozi imemwishia mapema. Buprenofini nayo huathiriwa na rifampisini, kwa hiyo msiikimbilie mkidhani mmelikwepa tatizo. Dawa fulani za VVU, efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyohivyo kwa methadoni.

Kinachotakiwa ni daktari wa TB na wa methadoni wawasiliane. Dozi itapandishwa kwa kufuata dalili zake, au rifampisini itabadilishwa kwa rifabutini pale inapopatikana. Asiache dawa za TB kwa ajili ya hili. Na siku akimaliza TB, mkumbusheni daktari: ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake, na dozi ileile iliyokuwa inamtosha inaanza kumzidi. Lazima ishushwe. Hili husahaulika sana kwa sababu wakati huo kila mtu anashangilia kwamba kapona kifua.

Diazepamu pamoja na methadoni hupunguza pumzi. Haimnyimi haki ya kutibiwa, ila waambieni ukweli. Asiikatishe ghafla pia, anaweza kupata degedege. Ipunguzwe hatua kwa hatua chini ya daktari.

MnywajiWaAsubuhi:

Mimi ni mtumiaji wa methadoni wa miaka mingi. Hoja ya baba mdogo naielewa, nimeisikia kwa watu wangu mwenyewe. Lakini heroini inakupandisha na kukushusha mara kadhaa kwa siku, na siku nzima akili ipo kwenye kuitafuta. Methadoni ukishafika kwenye dozi yako haikupandishi popote. Unaamka, unakunywa, unaenda kazini, arosto haipo mpaka kesho. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha jambo hili New York katika miaka ya 1960, na tangu 2005 methadoni na buprenofini zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa ubaya wake. Mwanzoni unakwenda kunywa mbele ya mhudumu kila siku, mvua au jua, kabla hujaaminiwa kupewa ya kwenda nayo nyumbani. Choo kinakuwa kigumu. Jasho ni jingi. Wengine hupimwa moyo kwa mashine kwa sababu dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo.

Mwambie pia asikubali kubaki kwenye dozi ndogo kwa sababu ndugu wanaona ni "salama zaidi". Huanza na miligramu 20 au 30, lakini wengi hutulia kati ya 60 na 120. Nimeona watu wakikwama chini ya hapo, wanakunywa asubuhi na jioni wako kwenye unga, halafu inasemwa methadoni haifanyi kazi.

MuuguziWaZamu:

Hapo kwenye kupanda niongeze: ipandishwe na daktari, polepole. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi ya siku ya tatu inakuta mabaki ya siku mbili zilizopita. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Akiona haimtoshi na kujiongezea unga au diazepamu, anaweza kuacha kupumua usingizini. Akisinzia kupita kawaida au akikoroma kwa namna isiyo yake, msimwache alale "apumzike". Mwamsheni, na asipoamka vizuri tafuteni msaada mara moja.

ChiniYaUlimi:

Natumia buprenofini na nimeipenda, kichwa changu kiko wazi kuliko nilipokuwa kwenye methadoni. Usalama wake ni kwamba ikifika kiwango fulani nguvu yake haiendelei kupanda hata ukiongeza dozi, kwa hiyo ni vigumu zaidi kukuzuia pumzi, ingawa ukichanganya na pombe au diazepamu kinga hiyo inapungua sana. Kwingi wanakupa vidonge vya kwenda navyo nyumbani mapema zaidi. Mara nyingi imechanganywa na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, ambayo chini ya ulimi haikusumbui, lakini ukiyeyusha ujidunge inakuletea arosto. Siku hizi ipo pia ya sindano ya wiki au ya mwezi.

Kazi ipo siku ya kwanza. Buprenofini ni kama abiria mwenye nguvu anayewasukuma wengine kwenye viti na kukaa yeye, huku yeye mwenyewe akiwa na nusu tu ya kazi yao. Ukiipata wakati heroini bado imejaa mwilini, unatupwa kwenye arosto kali kwa mpigo. Mimi nilipewa mapema mno, na nilitapika mpaka nikataka kukimbia. Mara ya pili, kwingine, walisubiri mpaka wanione natetemeka na mboni zimepanuka, na ndani ya saa moja nilikuwa mtu. Kwa heroini husubiri saa 12 hadi 24 tangu mara ya mwisho. Anayetoka kwenye methadoni husubiri zaidi, na aliyetumia fentanili, dawa ya jamii ya heroini yenye nguvu zaidi, anahitaji uangalifu wa pekee.

Kidonge kisimezwe, kiyeyuke chenyewe. Kikiisha asukutue kwa maji, na asipige mswaki kwa saa moja, kwa sababu meno huharibika.

MzaziMwenzenu:

Naomba nimtetee baba mdogo kidogo. Mwanangu yuko kwenye naltreksoni na anaendelea vizuri. Haina ulevi wowote, inaziba tu njia, unga hausikiki. Ila alianza akitokea kulazwa, mwili ukiwa umekwisha kusafishika. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia.

MuuguziWaZamu:

Ndivyo ilivyo, mzazi, na nafurahi kwa mwanao. Naltreksoni inataka mtu akae siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote (heroini, methadoni na za jamii hiyo), na wengi huanguka katika siku hizo kabla ya kuchomwa. Dada ametuambia mdogo wake ameshindwa hapo hapo mara nyingi. Halafu naltreksoni haitulizi arosto, na mwili unasahau uzoefu wa unga. Akikosa sindano ya mwezi unaofuata na kurudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho kinaweza kumuua. Hatari kama hiyo ipo kila mnapomfungia ndani na kumtoa.

Kwa maelezo yenu, mimi ningeanza na methadoni. Kwa ujumla watu hudumu kwenye tiba zaidi wakiwa nayo, ingawa buprenofini ya dozi ya kutosha huikaribia sana. Na kwa kuwa anahudhuria kila siku, anaweza kumeza dawa za TB hapohapo mbele ya mhudumu. Kama kuhudhuria kila siku hakuwezekani, buprenofini. Baadaye anaweza kuhama.

DadaMkubwa:

Ahsanteni sana, nimewasomea nyumbani. Baba mdogo amenyamaza, amesema atamsindikiza. Maswali mawili: ataitumia mpaka lini? Na naloksoni ya kuokoa mtu tuwe nayo ndani?

MnywajiWaAsubuhi:

Msimwekee tarehe. Wanaoharakishwa kushusha dozi hurudia, na wiki za kwanza baada ya kuacha ndizo zinazoua. Akitaka kushuka atasema mwenyewe, akiwa na kazi na usingizi wake.

MuuguziWaZamu:

Naloksoni iwepo, ya puani au ya sindano ya msuli, na zaidi ya mtu mmoja hapo nyumbani ajue kuitumia. Akizidiwa: pigeni simu ya dharura, mpeni naloksoni, msaidieni kupumua kwa mdomo, mlazeni ubavu akianza kupumua mwenyewe. Kisha apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja au mbili, na methadoni bado imo mwilini.