Sakafu ya boti ya faiba imeoza karibu na mashine: nifunike au nikate? (Kigoma)

NahodhaKibirizi

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kushika boti ya faiba kwa mikono yake.

Nina boti ya futi 23, mashine moja ya nyuma ya farasi 40. Niliinunua mkononi mwa mtu mwaka juzi. Inatoka mwalo wa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na mara nyingine hadi Kagunga. Wanaoijua njia hiyo wanaelewa kwamba boti ndiyo daladala yetu: napakia abiria, dagaa, madumu ya mawese, saruji, na zaidi ya mara moja nimemkimbiza mama mjamzito usiku kuja hospitali ya Maweni.

Tangu mvua za Machi sakafu inabonyea. Ni hatua mbili mbele ya ubao wa mashine (ule wa nyuma unaoshika mashine), eneo la kama meta 1.5 kwa sentimita 80. Aliyeniuzia alikuwa amefunga benchi kwa skrubu moja kwa moja sakafuni. Sasa nikikanyaga karibu na benchi la nyuma, maji meusi yanapanda kwenye matundu ya skrubu, yana harufu ya majani yaliyovunda. Juzi mguu wa abiria ulizama kidogo, faiba ikapasuka kama kaka la yai.

Nimeuliza mwaloni. Fundi mmoja, na ni fundi mzuri kweli wa boti za mbao, anasema nipige plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, nipake rangi, siku 2 niko majini. Mwingine anasema faiba haiozi, nisisumbuke. Mkopo wa kikundi bado naulipa, na kila siku boti ikilala nchi kavu ni siku bila marejesho. Lakini nabeba watu. Nifunike au nikate? Na kama ni kukata, naanzia wapi?

FundiFaibaKigamboni

Pole sana nahodha. Kata.

Anayesema faiba haiozi ana nusu ya ukweli. Sakafu yako si faiba tupu. Ni plaiwudi iliyovikwa faiba juu, na upande wa chini mara nyingi umepakwa resini (gundi ya maji inayogandisha faiba) nyepesi tu au haukupakwa kabisa. Skrubu za benchi zimetoboa lile vazi. Maji yameingia kwa tundu dogo na hayana pa kutokea. Kuvu wa kuozesha mbao wanataka unyevu, hewa na joto, na huko chini wamepata vyote vitatu. Ukipiga ubao mpya juu yao umewafunika blanketi, na kila skrubu mpya ni mlango mwingine wa maji. Uzito nao unaongezeka kule nyuma ambako mashine tayari imelalia.

Kabla ya kukata, pima. Chukua nyundo ndogo, gonga sakafu nzima kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Palipo pazima panatoa mlio mkavu na nyundo inaruka. Palipooza panaitika kama boksi lililoloa. Chora mpaka kwa chaki. Kisha toboa vitundu vya milimita 5 nje ya chaki, uangalie unga wa mbao unaotoka. Ukiwa mweupe na mkavu, hapo pazima. Ukiwa wa kahawia na unanata, sogeza chaki mbele. Jiandae eneo liongezeke, huwa linaongezeka.

Toa tangi la mafuta nje kabla grainda haijawashwa, upeperushe ngama (kule chini maji yanakokusanyika) mpaka harufu ya petroli iishe. Kisahani kizame kwa unene wa sakafu tu. Chini yake kuna nyaya, bomba la mafuta na gamba la boti lenyewe. Vaa barakoa ya vumbi na miwani, jifunike mikono. Vumbi la faiba linawasha siku nzima, na likiingia kifuani si jambo dogo.

Sakafu yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kilichoko chini ndicho kinachoshika boti: zile mbao ndefu zilizolala kutoka tezi kwenda omo. Zidunge kwa bisibisi moja baada ya nyingine, kisha ubao wa mashine vilevile. Ukishaona, rudi hapa utuambie.

UjijiMvuvi

Nahodha, mimi nilifunika, ndiyo maana naandika. Plaiwudi mpya ilioza kutoka chini kabla mwaka haujaisha, na maji yakatembea hadi kwenye ubao wa mashine. Nilijua siku kusi inavuma, nina mzigo, mashine inacheza kila wimbi linapopiga. Niliifunga kwa kamba nikarudi polepole, nikiomba Mungu njia nzima. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ndipo nilipoikata yote. Ilikuwa kiangazi, mbao zikakauka vizuri. Kama unaweza kufanya kazi hii miezi hiyo, fanya.

MzeeWaPangani

Nimefanya kazi ya boti huku pwani miaka mingi. Nyinyi wa maziwa mna mtihani ambao sisi hatuna sana. Chumvi ya bahari huwabana kuvu wa mbao. Maji ya ziwa na ya mvua yasiyo na chumvi hayawabani. Tundu la skrubu ambalo huku linaweza kuvumilika, kwenu linamaliza sakafu.

La pili ni ubao. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba marini bodi, utapewa ile ya kahawia inayong'aa, ya futi 8 kwa 4, wanayomwagia zege. Jina linadanganya. Ile ngozi inayong'aa imewekwa ili zege isishike, na resini nayo haitashika. Nimeona sakafu nzima inabanduka kama karatasi kwa sababu hiyo. Tafuta plaiwudi ya gundi isiyoachia maji, uso mtupu, milimita 12 au 18 kulingana na ile unayoitoa. Kuwa na hakika, kata kipande cha kiganja, kichemshe sufuriani saa nzima, kikaushe, rudia. Tabaka zikiachana, usinunue. Kama huna budi kutumia ile ya zege, isage ngozi yote pande zote mbili mpaka uone mbao.

NahodhaKibirizi

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nilikuwa nimeshaweka pesa ya hiyo marini bodi mkononi. Swali: resini naagiza Dar, lakini kuna mtu ananiambia bila epoksi, ile resini ya aina nyingine, nisijisumbue. Halafu huku joto la mchana, nasikia resini inaganda ndooni kabla hujaipaka?

FundiFaibaKigamboni

Epoksi inashika faiba ya zamani kuliko poliesta, ile resini ya kawaida, hilo kweli. Lakini bei yake ni ya juu, na mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya kawaida ina gundi inayoyeyushwa na poliesta. Ukiilowesha kwa epoksi inabaki ngumu, hailali kwenye kona. Utahitaji kitambaa cha kusuka. Tena ukishaweka epoksi, siku za mbele poliesta haitashika vizuri juu yake. Boti yako ni ya poliesta. Baki nayo, ila faiba ya zamani uisage kwa msasa mkali wa namba 36 au 40 mpaka mng'ao wote uondoke, na kingo uzilaze mteremko wa sentimita 5 au zaidi kuzunguka tundu. Ukipaka juu ya rangi au mng'ao, umepoteza kazi.

DadaResiniTabora

Kaka nahodha, mimi niko Tabora, natengeneza matenki na mabeseni ya faiba, joto hilo nalijua. Hadena (dawa ya kugandisha) kwa kilo 1 ya resini ni mililita 10 hadi 20. Kwa joto letu anza na 10, pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa kifuniko. Changanya nusu kilo kwa wakati mmoja, kwa sababu una kama robo saa tu. Mimina kwenye chombo kipana. Kwenye kopo refu joto linajikusanya na inaganda haraka, hata kutoa moshi. Fanya kazi asubuhi, saa 1 hadi saa 4, chini ya turubai. Jaribu kikombe kimoja kwanza uone dakika zako mwenyewe.

Hesabu yake: eneo lako ni meta 1.2 za mraba. Mati ya gramu 450 kwa meta ya mraba, tabaka 3, ni kilo 1.6 hivi. Mati inakunywa resini mara mbili ya uzito wake au zaidi kidogo, kwa hiyo kilo 4. Ongeza za kingo, upande wa chini wa ubao na rojo (resini iliyokorogwa na unga) la kulalia, agiza kilo 10. Eneo likiongezeka, rudia hesabu.

Sasa nisikilize kwa makini. Hadena ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani iliyofunga pande zote, na weka ndoo ya maji safi karibu. Ikiruka, osha hapohapo dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Kama resini yako inauzwa na dawa ya zambarau pembeni, hiyo ni kobalti: ikoroge kwenye resini kwanza mpaka iishe, ndipo utie hadena. Hizo mbili zisikutane zenyewe hata tone, zinalipuka. Usisafirishe vitu hivi kwenye basi la abiria, vinawaka. Na uliza vimetengenezwa lini, maana resini iliyokaa stoo ya joto muda mrefu inakuwa nzito kama uji na haifai tena.

NahodhaKibirizi

Wakuu, nimefungua. Eneo limekuwa mara mbili ya nililodhani. Povu lililojazwa chini ya sakafu limenyonya maji. Niliminya kipande kama sponji. Mbao ndefu ya kushoto imeoza sentimita 60, bisibisi iliingia mpaka mpini. Ya kulia nzima, ubao wa mashine mzima, namshukuru Mungu. Na nimeona maji yalikokuwa yanalala: tundu la kupitishia maji kwenye ile mbao lilikuwa limeziba kwa mchanga na magamba ya samaki. Sasa?

FundiFaibaKigamboni

Hongera kwa kufungua. Kwanza boti iketi sawasawa juu ya magogo, omo, katikati na tezi. Ukikarabati ikiwa imepinda, itabaki imepinda.

Kata mbao iliyooza mpaka uingie sentimita 15 kwenye nzima. Ncha zikatwe mshazari, kipande kipya kikae kwa rojo la resini na unga wa talki, kona zote zijazwe rojo zikae mviringo, kwa sababu mati haikunji kona kali. Vika tabaka 3, mati ishuke kwenye gamba sentimita 10 kila upande. Tundu la maji lirudishwe pana zaidi, na ndani yake lipakwe resini.

Usifunge kabla pote hapajakauka. Bandika nailoni juu ya faiba na mbao usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, subiri.

Povu usiliache hivihivi, ndilo linaloielesha boti ikijaa maji. Kama la kumimina hulipati, panga madumu matupu yaliyofungwa vizuri, yabane yasitembee. Ubao mpya upake resini pande zote, kingo mara mbili, ulaze kwenye rojo, ubebeshe mifuko ya mchanga mpaka ushike.

Ni boti ya abiria, kwa hiyo mwite mkaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini) aone mihimili, zile mbao ndefu, kabla hujaifunika.

UjijiMvuvi

Na benchi je? Usirudishe skrubu zilezile.

MzeeWaPangani

Tundu lolote la skrubu: toboa pana kuliko skrubu yenyewe, lijaze rojo, likishakauka toboa tena katikati. Skrubu inauma rojo, haigusi mbao. Lakini benchi ningezigundisha.

NahodhaKibirizi

Wakuu, siku 19 zimepita, si 2. Mke wangu ameuza mawese ya akiba ili marejesho ya kikundi yasikatike, namshukuru sana.

Mkaguzi alikuja mihimili ikiwa wazi, akairidhia, ndipo nikalaza sakafu. Kundi la kwanza la resini liliganda mkononi saa 5 mchana, dada wa Tabora alikuwa amenionya. Kuanzia siku ya pili niliamka na jogoo. Benchi zote nimezigundisha kwa vipande vya mbao vilivyovikwa faiba, hakuna skrubu hata moja sakafuni.

Jana jioni nilimwaga ndoo 2 za maji kule omo, nikakaa tezi na tochi. Yamepita kwenye tundu jipya na kufika ngamani yote. Nimegonga sakafu nzima kwa nyundo mara mbili. Panalia pakavu kila mahali, hata pale kwenye benchi la nyuma. Kesho alfajiri naishusha majini bila abiria, mifuko 10 ya mchanga na mimi peke yangu, hadi Mwamgongo na kurudi.