Mafundi wa Arusha mnatoa vitu kwenye magari yetu halafu mnatuambia gari inakula mafuta kwa sababu ya uzee

Wakuu habari za mchana.

Nimejizuia wiki mbili nisiandike hii kitu kwa hasira lakini hasira yenyewe haiishi, kwa hiyo mtanisamehe nikipitiliza mahali. Wenye Surf, Prado, Hilux za zamani, Pajero, sogeeni. Wenye Vitz na IST nanyi karibuni ila msije na ule ushauri wenu wa "uza nunua cc ndogo", mimi nasambaza vifaranga na vyombo vya kuku kuanzia Usa River, Boma, Rundugai mpaka Himo huko, na kuna wateja wangu ambao mvua ikinyesha Vitz yako inalala kwao na wewe unalala ndani yake.

Gari yangu ni Hilux Surf ya 1997, injini 3RZ, petroli, cc 2700. Najua ni gari ya kunywa, sijawahi kujidanganya. Lakini nina daftari. Kila nikijaza naandika, unajaza mpaka pampu ikate yenyewe, unarudisha trip meta sifuri, ukija kujaza tena pampu ile ile unagawanya kilomita kwa lita, basi, hesabu ya darasa la nne. Miaka minne daftari linasema Arusha Moshi kwenda na kurudi napata kilomita 8 na nusu kwa lita. Nilikuwa nimeridhika kabisa na maisha yangu.

Mwezi wa tatu taa ya cheki injini ikawaka na gari ikawa nzito kidogo, hasa ule mpando wa kurudi kuanzia Maji ya Chai. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, jina silitaji. Fundi akasikiliza mngurumo sekunde kumi, boneti hajafungua, akasema "bosi masega hayo yameziba, gari haipumui, ndo maana inakula". Sasa masega (kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) yakiziba kweli gari inakosa pumzi, hilo sibishi, lakini kuna namna ya kupima kwanza, jamaa hakupima kitu. Akaingia uvunguni na grainda. Baada ya nusu saa gari ina bomba tupu inanguruma mtaa mzima unageuka, na mimi nimesimama pale najiona nimepona. Masega yenyewe nikaambiwa "hayo takataka bosi". Takataka gani mnafunga kwenye salfeti na kufungia kabatini? Mle ndani kuna platinamu na paladiamu, kuna watu wanazunguka gereji kwa gereji wanayanunua, haya nimekuja kuyajua nikiwa nimeshapigwa.

Taa ikabaki inawaka. Akasema niachie gari mpaka jioni. Jioni nikakuta imezima, nikalipa, nikamshukuru na soda nikamnunulia. Hii taa msiisahau.

Wiki hiyo hiyo daftari likaanza kuongea lugha nyingine. 7, halafu 6 na kitu. Nikarudi. Akasema mafuta ya uchakachuaji haya, hama sheli. Nikahama sheli tatu! Hivi tangu 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa ikakaribiana na ya dizeli, mtu achanganye mafuta ya taa kwenye petroli apate faida gani ya maana, lakini sikufikiria, nilikuwa nahama tu kama ndege.

Nikarudi tena. Safari hii akaiangukia thamostati. "Bosi hii wameiweka kwa ajili ya Japani, kule kuna barafu, huku kwetu joto, inabana maji bure, tuitoe injini ipumzike." Joto! Wakuu mnaijua Arusha ya mwezi wa sita na wa saba, asubuhi unatoka Ngaramtoni na koti na kofia ya sufu na ukiongea mdomo unatoa moshi, mtu mzima kazaliwa hapa hapa anakwambia Arusha joto, na mimi mwenye koti mwilini nikajibu sawa fundi toa.

Kwa ambao bado mnaambiwa hivi na mnakubali, ngoja niwaambie alichonifunga nacho. Hizi injini za EFI, yaani zisizo na kabureta, zina kompyuta, na kompyuta inasoma joto la maji ya injini. Maji yakiwa ya baridi inajua gari ndo kwanza imeamka, inaongeza petroli. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi, kwa hiyo injini inapata joto lake haraka na kompyuta inapunguza kumwaga. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, asubuhi ya baridi unatoka Sakina unafika Tengeru mshale wa joto bado umelala chini, na kompyuta masikini inadhani gari imeamka sasa hivi. Wale wa enzi za kabureta watanielewa, ni sawasawa na kuendesha na choki umeivuta siku nzima. Halafu tunasema gari imezeeka.

Mwezi wa saba daftari likasoma 5.2. Naandika tena kwa herufi, tano nukta mbili. Trip ya Moshi ya kwenda na kurudi na mizunguko ya wateja, kilomita 172, lita 33, na lita wakati huo ilikuwa inachezea elfu tatu, hiyo ni laki kasoro elfu moja. Zamani safari hiyo hiyo nilikuwa naweka lita 20 na kidogo. Nafanya safari mbili kwa wiki. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa saba pigeni wenyewe, mimi nilipiga nikafunga daftari, mama watoto akaniuliza mbona umenyamaza.

Nikarudi kwa yule yule (najua, najua, msinitukane, tayari nimetukanwa nyumbani). Hapo ndo akatoa ile kitu. Sumaku mbili nyeusi kwenye kiboksi, zinabana mpira wa petroli, eti "zinapanga chembe za mafuta ziungue zote, unaokoa asilimia 30". Elfu 85. Sijui aliniona usoni nimeandikwa nini. Marekani lile shirika lao la mazingira EPA limeshapima vifaa vya hivi zaidi ya 100, sumaku, vidonge vya kutia tenki, feni za kuweka kwenye bomba la hewa, na hawajapata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Zaidi ya mia, na mimi nimenunua cha kwangu elfu 85 bila risiti.

Ila ujanja wenyewe sikilizeni. Nikamwambia sitoi hela mpaka nipime. Akasema "pima bosi, jaza hapa, nenda Moshi, jaza kule, utanipigia". Nikaenda. Kilomita 81, lita 11. Hiyo ni 7.4! Nikampigia nikiwa sheli Moshi nimefurahi kama mjinga, nikamtumia hela hapo hapo kwa simu. Narudi Arusha najaza, kilomita 82, lita 20. Nne nukta moja.

Wakuu, Arusha iko juu ya mita 1300, Moshi iko chini ya mita 1000. Kwenda unateremka, kurudi unapanda. Hata trekta ukiliachia Arusha likashuka Moshi litaonekana linabana mafuta. Yule hakukosea, alijua vizuri kabisa ananituma upande gani. Kuanzia leo mtu akikwambia pima, pima kwenda NA kurudi, pampu ile ile, gari limesimama upande ule ule maana hata sakafu ya sheli ikiinama tenki linapokea tofauti.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja Moshi, rafiki wa mteja wangu, gereji yake ni mti na benchi. Nilifika nimetoka barabarani moja kwa moja. Hakushika spana. Akazunguka gari anasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, alipofika mbele kulia akarudisha mkono haraka. Akachukua chupa ya maji akadondosha kidogo kwenye diski, maji yakalia tsssss yakaisha. Akaenda kushoto akadondosha, maji yakatiririka tu chini. Akaniangalia. "Baba, hili gari unaendesha huku umelishikilia."

Kalipa (kile kinachobana diski ukikanyaga breki) ya mbele kulia, pistoni mbili kati ya nne zimeganda. Tulipiga jeki tairi halizunguki kwa mkono mpaka uweke nguvu za kusukuma mkokoteni. Na ule uzito wa mwezi wa tatu huenda sehemu kubwa ulikuwa hapo hapo, hauna uhusiano wowote na masega.

Halafu akaniambia washa swichi usipige stata. Akaangalia dashibodi. "Taa ya injini iko wapi?" Nikamwambia ilizimwa, fundi aliitengeneza. Akacheka mpaka akakaa chini. Wakuu ile taa LAZIMA iwake ukiweka swichi oni kabla ya kupiga stata, ndo inajipima, isipowaka kuna mtu kaishughulikia. Akafungua dashibodi, balbu haipo. Haipo! Kaingoa! Nimelipia "diagnosisi" ya elfu 40 kumbe nimelipia mtu kuchomoa balbu ya elfu moja.

Akaweka balbu. Kwenye hizi Surf za miaka ile huhitaji hata mashine, kuna kiboksi cheusi ndani ya boneti, akachukua waya mdogo kama pini ya karatasi akaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, akawasha swichi, taa ikaanza kupepesa. Mbili, ikanyamaza, moja. Mbili, ikanyamaza, moja. Mzee anahesabu kwa midomo. Namba ya kosa 21, sensa ya oksijeni. Tukalala chini, waya wa sensa umekatwa na grainda siku ile ya masega, umesokotwa na kufungwa selotepu nyeusi. Hiyo sensa ndo inanusa moshi na kuiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua. Ukiikata kompyuta inamwaga kwa kukadiria, na ikikadiria inamwaga ya kutosha isiharibu injini, mfuko wako haiujui.

Kwa hiyo tuelewane, masega kukosekana peke yake hakukunipandishia ulaji. Waya ndo uliopandisha. Thamostati ikaongezea. Kalipa ikamalizia. Yaani thamostati aliyoitoa na waya alioukata kwa jina la kupunguza mafuta ndo vilikuwa vinapunguza mafuta, na kilichokuwa kinatakiwa kiangaliwe hakukiangalia kwa sababu hakiuziki.

Gharama kwa mzee: thamostati mpya 35,000, kalipa 60,000, sensa ya mtumba 70,000, balbu 1,000, ufundi 50,000. Jumla 216,000. Daftari sasa linasoma 8.1 kwenda na kurudi.

Na mimi nina makosa yangu, nisijifanye mtakatifu. Mzee aliniuliza keria ya chuma iko juu ya paa ya kazi gani nikakosa jibu, vyombo navibeba Jumamosi tu, siku nyingine inapiga mluzi bure barabara nzima ya KIA (uwanja wa ndege) na upepo wote huo nausukuma kwa petroli, nimeishusha iko uani kuku wamepanda juu yake. Tairi nazo niliweka 265/75 badala ya 265/70 ya kwenye stika ya mlango kwa sababu inapendeza, kumbe tairi ikiwa kubwa meta inasoma pungufu, kilomita 100 za kweli inaandika kama 97, kwa hiyo hata daftari langu nalolisifia lilikuwa linadanganya kidogo. Upepo nao nilikuwa nampa kijana wa tairi apime kwa kupiga teke. Haya yote ni madogo madogo. Hayafiki 5.2.

Nilichotaka kusema kwa mafundi humu, na najua mpo, sio wote, ila mkiwa hamjui semeni hamjui. Mteja atakuheshimu. Usinikate bomba ili uonekane umefanya kazi.

Sasa juzi usiku yule bwana kanitumia meseji. "Bosi vipi ile kitu imekubali? Kuna toleo jipya limeingia, lina nguvu zaidi, nakufanyia 70." Nikamjibu kwa adabu kabisa, nikamwambia sawa fundi nalitaka, ila kesho nikija uniandalie na masega yangu, lile salfeti la kabatini, nayahitaji.

Mpaka naandika hapa hajajibu, tiki mbili za bluu zipo.