Mama akifa nina siku 4, mama akiugua nina barua ya kujieleza

Wakuu, huu uzi nimeuandika nikiwa na hasira na sijajisumbua kuipunguza.

Chukueni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hii inayotuhusu sisi tulioajiriwa huku Tanzania Bara, mwende kifungu cha 34. Mle ndani mna siku 4 za likizo yenye malipo. Mtoto wako akiugua au akifariki, unapewa. Mwenza wako, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yako wa kuzaliwa naye akifariki, unapewa. Wakiugua hao je? Hakuna kitu. Mama yako akiwa hoi kitandani, kwa sheria hii wewe huna jambo lolote nyumbani. Subiri afe, ndipo utatambulika kwamba ulikuwa na mama.

Na msidhani siku 4 hizo ni za kila mwaka. Mzunguko wa likizo za aina hii ni miezi 36. Miaka mitatu! Tena sheria imejihami kabisa, imesema hizo ndizo siku zako zote hata matukio yawe mangapi ndani ya mzunguko. Ukimzika baba mwaka huu, mwakani ukampoteza kaka, kaka unamzika kwa hisani ya bosi na mshahara unakatwa. Aliyekaa kuandika kile kipengele alikuwa anapima misiba ya watu kama lita za dizeli za gari la ofisi.

Sasa yangu. Mama alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wote ukalala, maneno hayatoki, uji unapita kwenye mrija wa puani. Aliyewahi kuuguza kwenye wodi zetu anajua swali la kwanza la nesi: "Nani anamuuguza?" Nesi mmoja ana wodi nzima, simlaumu hata kidogo. Lakini mgonjwa wa kiharusi lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo vidonda vya mgongo vinaanza, na vikianza mnahamia kwenye vita nyingine. Kuna kumfuta, kumbadilisha shuka, kupanga foleni dirisha la dawa, kukimbizana na majibu ya vipimo. Na kuna daktari anayepita asubuhi, muda uleule ambao mimi natakiwa niwe nimeshasaini kitabu cha mahudhurio. Usipokuwepo akipita, umekosa maelezo mpaka kesho.

Nikaenda kwa afisa utumishi wetu. Kijana mstaarabu tu, alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta, akanisomea kifungu. Halafu akaniuliza nina siku ngapi za likizo ya mwaka zimebaki. Hiyo ndiyo dawa yao kwa kila ugonjwa: tumia likizo yako ya mwaka. Zile siku 28 ulizowekewa upumzike, unazimalizia kwenye benchi la hospitali, na hata hizo mwajiri ndiye anayepanga utazichukua lini. Zilipokatika nikaomba likizo bila malipo. Narudia, BILA MALIPO, sikuomba hata senti. Jibu likaja kwa barua yenye muhuri: ombi halikuridhiwa "kutokana na mahitaji ya kazi". Mama hajaweza hata kumeza mate, mimi nasomewa mahitaji ya kazi.

Nilibaki wodini. Mngefanyaje?

Kilichofuata mnakijua. Barua ya kujieleza kwa utoro kazini, kikao cha nidhamu, wazee wawili wa menejimenti wamekunja sura kana kwamba nimeiba. Kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika ni kosa la kufukuzisha mtu. "Sababu inayokubalika." Na wa kwanza kuikubali au kuikataa ni nani? Yuleyule aliyekunyima ruhusa! Mimi nilitoka na onyo la mwisho la maandishi, wakaniambia nishukuru. Nishukuru nini hasa?

Najua kuna wanasheria humu watakuja na "nenda CMA". Sawa. Ukifukuzwa una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huenda ukashinda, maana mama kupooza ni sababu ambayo mtu mwenye akili timamu ataielewa. Lakini kibarua kitakuwa kimeshaota nyasi, bima ya afya imekatika, na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inamtibu mgonjwa. Haki inayopatikana baada ya kufukuzwa siyo ulinzi wa kazi. Ninachotaka ni kitu cha kumzuia mwajiri mapema: akijua mfanyakazi yuko likizo ya kuuguza, kiti chake asikiguse.

Na mimi angalau nina mkataba wa kudumu. Kuna mwenzetu alikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja, mtoto wake ana sikoseli. Huyo kwa sheria anazo siku 4, kwa sababu ni mtoto. Sikoseli haijui mzunguko wa miezi 36. Maumivu yakimshika mtoto ni kulazwa, kuwekewa maji, pengine na damu, anatoka, baada ya muda anarudi. Siku zake 4 ziliisha mapema, zilizobaki zote alikuwa anaomba kwa meneja huku amekunja mikono. Hakufukuzwa, wala hakuandikiwa barua. Mkataba ulifika mwisho, haukuongezwa, basi. Hapo utamshitaki nani kwa lipi? Halafu wale wasiotimiza miezi 6 kazini ndio kabisa, likizo zenye malipo za sehemu hiyo haziwahusu, na kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki nayo haiwahusu. Ugonjwa ukiingia nyumbani mwezi wa tatu wa ajira, omba Mungu tu.

Kina baba wenye watoto wachanga nao sijawasahau. Siku 3, tena uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na ni hizo tu kwa miezi 36. Mkeo akijifungua kwa upasuaji, siku zako zinaweza kuishia wodini kabla hata hajaweza kuinuka mwenyewe. Mkipata mwingine kabla miaka mitatu haijapita, umeshakula zako. Mwaka 2025 Bunge lilifungua sheria hii likairekebisha, mama wa mtoto njiti akaongezewa muda na baba wa njiti akapanda kutoka siku 3 hadi 7. Jambo zuri, nawapongeza, watoto njiti wanahitaji. Lakini kalamu ilikuwa mkononi na kifungu kilikuwa mbele yao. Mzazi mgonjwa wakampita hivihivi.

Kabla hamjaniambia nchi yetu haina uwezo: Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, baba ana wiki 2 zenye malipo. Afrika Kusini nao wana siku 3 za dharura za kifamilia, mgawanyo wake unafanana sana na wetu, ila za kwao zinaanza upya kila mwaka. Marekani, nchi isiyosifika kwa huruma kwa wafanyakazi, tangu 1993 wana sheria inayompa mfanyakazi mpaka wiki 12 kwa mwaka za kumuuguza mtoto, mwenza au mzazi. Hailipwi, na ina matundu yake, kwa mfano kwenye kampuni binafsi inawabana tu zenye wafanyakazi kuanzia 50, na lazima uwe umefanya kazi angalau miezi 12 na saa 1,250. Lakini ukirudi unakuta kazi yako au inayolingana nayo, na bima ya afya ya kazini inaendelea muda wote huo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoililia. Hela nitakopa, nitauza shamba, nitachangiwa na ndugu. Kazi ikishapotea siwezi kuchangiwa.

Waajiri watasema watu watadanganya, kila wiki mtu atakuwa na bibi mgonjwa. Sheria ya sasa tayari inamruhusu mwajiri kudai uthibitisho wa tukio. Ugonjwa una cheti cha daktari, una kadi ya kulazwa, una namba ya kitanda. Wenye biashara ndogo ya watu watatu wanne nawaelewa, kwao pengo la mtu mmoja linauma kweli, wawekewe utaratibu wao. Ila kampuni yenye mamia ya wafanyakazi isiniambie itafunga milango kwa sababu mimi namgeuza mama kitandani.

Kitu kingine kinachonikera ni huu unafiki wa "familia ndiyo msingi wa taifa". Mkishasema hivyo majukwaani, kwenye familia nani anaacha kazi ugonjwa ukiingia? Dada. Kwetu ilikuwa hivyohivyo, baada ya onyo langu tulikaa kikao cha ukoo, na macho yote yakamgeukia mdogo wangu wa kike eti kwa sababu mshahara wake ni mdogo. Ameacha kazi. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza, kwa hiyo hatahesabiwa popote kuwa alipoteza kazi kwa kuuguza.

Ninachodai ni vitu vitatu tu. Ugonjwa mkubwa wa mwenza na wa mzazi uingie kwenye kifungu cha 34. Mzunguko ushuke kutoka miezi 36 hadi 12. Na ziwepo wiki za kutosha za kuuguza, hata bila malipo, ambazo mwajiri akishaletewa cheti cha daktari hana mamlaka ya kuzikataa, na kumfukuza mtu aliye kwenye likizo hiyo kuwe kosa la wazi kama ilivyo kumfukuza mwanamke kwa sababu ya ujauzito.

Wakati tunasubiri Bunge, najua kuna sehemu chama cha wafanyakazi kimepata zaidi ya sheria kupitia mkataba wa hali bora, yaani ule ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi. Kama tawi lenu limeingiza siku za kuuguza mzazi, tupia hapa hicho kipengele kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, na mlitumia hoja gani mpaka menejimenti ikasaini. Sisi kikao chetu cha majadiliano kiko karibu na sitaki kwenda mikono mitupu. Wa "fungua biashara yako" wapite tu, leo sina muda nao.