Vithiripi weusi kwenye matawi makavu: nitajuaje wanaokula kuvu?

Mdadisi_Karura
Habari zenu. Hawa vithiripi (wadudu wadogo wembamba) wametoka kwenye matawi yaliyokufa pembeni mwa msitu wa Karura, Nairobi, yale ambayo majani makavu bado yananing'inia, baada ya kuyakung'uta juu ya trei nyeupe. Ni weusi, wadogo kwa wakubwa, na watoto wao wekundu. Wote wana mrija mwishoni mwa tumbo. Kwa kufuata ukubwa na unene wa miguu ya mbele nimepata spishi nne, lakini sina imani nazo. Nianzie wapi? Slaidi (vioo vya kuwatazamia kwenye hadubini) nazo zinatoka nyeusi tii.

Pingili_ya_Kumi
Mrija huo ni pingili ya kumi ya tumbo, kwa hiyo uko kwenye familia ya Phlaeothripidae. Lakini mrija hauthibitishi kwamba wanakula kuvu. Wengi wa jenasi ya Haplothrips huishi kwenye maua, na Karnyothrips huwinda wadudu gamba.

Angalia sindano za mdomo ndani ya kichwa, na uzipime. Familia hii ina makundi mawili. Za Idolothripinae ni pana, mikroni 5 hadi 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa sababu humeza spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, nzima nzima. Za Phlaeothripinae ni kama mikroni 2 au 3. Usikimbilie kusema mwenye sindano nyembamba hali kuvu: Hoplothrips wa kwenye miti mikavu hufyonza nyuzi za kuvu kwa sindano hizo hizo.

Kabla ya kumsafisha mdudu, mweke kwenye alkoholi na umulike kutoka chini. Mla spora mara nyingi huonyesha tumboni chembe za kahawia zilizosongamana. Ushahidi huo ukishapotea kwenye soda kaustiki ya kusafishia haurudi.

Balsamu
Slaidi nyeusi maana yake hukumsafisha vya kutosha. Mtoboe kwa pini nyembamba sana katikati ya miguu ya nyuma, kisha mlaze kwenye soda kaustiki ya asilimia 5, bila moto. Mweupe nusu saa inamtosha; mweusi kama hawa, mwache usiku kucha. Mkandekande tumbo polepole mpaka uchafu utoke, halafu umwoshe kwa maji safi.

Baada ya hapo mpandishe kwenye alkoholi hatua kwa hatua: 60, 70, 80, 95, kisha 100, ndipo aingie mafuta ya karafuu na mwisho balsamu ya Kanada, utomvu wa kumgandishia kwenye slaidi. Ukiruka hatua, maji yanayobaki yataifanya balsamu iwe na ukungu mweupe kama maziwa. Nyoosha vipapasio na mabawa kabla ya kufunika. Vipapasio vilivyojikunja huwezi kuvihesabu pingili. Kausha kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40 kwa wiki kadhaa. Hapa watu huwa na haraka, na slaidi nyingi nzuri huharibikia hapa.

Pingili_ya_Kumi
Kuhusu zile spishi nne: miguu ya mbele ndiyo inayopotosha zaidi. Kwa Elaphrothrips, madume wakubwa wana mapaja ya mbele yaliyovimba, madume wadogo wa spishi ile ile wanakaribia kufanana na majike. Huenda una spishi moja au mbili tu. Panga madume wote kwa ukubwa; wakifuatana bila pengo, huenda ni spishi moja. Na usitegemee kuwa na mabawa au kutokuwa nayo, kwani spishi moja inaweza kuwa na wote wawili.

Mdadisi_Karura
Asanteni sana. Na watoto wekundu je, niwatambue vipi?

Balsamu
Usiwatenganishe na wakubwa wao. Tawi moja, chupa moja, na lebo ya penseli ndani yenye tarehe, mahali na aina ya mti. Andika rangi yao wakiwa hai, maana wekundu huo huisha kwenye alkoholi. Kwa kuwakusanyia, changanya sehemu 10 za alkoholi ya asilimia 60, sehemu 1 ya glisarini na sehemu 1 ya asidi asetiki. Usiwatupe moja kwa moja kwenye ya asilimia 95: watakakamaa, na miguu itavunjika ukianza kuinyoosha.