Wakuu IST yangu inamiss, fundi anasema oktani ya petroli yetu ni ndogo. Ni kweli?

Kibinda_Tegeta
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST cc 1290, nimeichukua mwezi wa tatu, haijawahi kunisumbua. Sasa Jumatatu mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi nikapita sheli moja huku njiani (jina nalihifadhi) nikaweka ya elfu 40, sijamaliza hata kilomita 5 gari ikaanza kumiss, ukikanyaga mafuta inashtuka shtuka kama mtu ana kwikwi na taa ya cheki injini ikawaka. Fundi anasema gari ya Japani inataka oktani kubwa, ninunue kichupa cha dawa elfu 35 niwe namimina kila nikijaza. Kila nikijaza! Si bora nirudi kwenye daladala? Nisaidieni, IST inataka petroli gani hasa?

Mzee wa Plagi
Mkuu usitoe hiyo 35. Kwa Japani IST inatumia regular, ambayo ni oktani 89 kwenda juu, ile haioku yao (petroli ya oktani kubwa) ndo inaanzia 96. Petroli inayoshushwa hapo Dar inapita 89, kwahiyo IST inashiba na chenji inabaki. Oktani sio nguvu ya mafuta jamani, watu wanachanganya, ni uvumilivu wa petroli kutojilipua ikibanwa kwenye silinda kabla plagi haijapiga cheche. Injini isiyobana sana haina cha kufanyia oktani ya ziada.

Forester_XT
Sisi wenye turbo (inayosukuma hewa zaidi kwenye silinda) ndo tunaumiza kichwa na oktani, mimi nikibahatisha mafuta mabovu nikipandisha kilima nasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo. Wewe wa IST endesha tu.

Dada Mkwaju
Samahani nadandia uzi, kwani sheli ya jina kubwa na ya uchochoroni si mafuta tofauti?

Mzee wa Plagi
Dada, mafuta yanaagizwa kwa pamoja, meli moja inashusha halafu makampuni yanagawana. Kuna wanaoongeza vidawa vyao vya kusafisha injini, sawa, ila tofauti inayoua magari iko kwenye tenki la chini la sheli yenyewe. Zamani kulikuwa na mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa bei chee, hayo ndo yanashusha oktani kweli. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaleta vinasaba 2010, yaani alama ya kemikali kwenye mafuta ya kugundua yaliyochanganywa, mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, mchezo ukakosa faida. Siku hizi mimi naogopa maji zaidi. Kibinda umesema mvua ilinyesha usiku kucha eti?

Kibinda_Tegeta
Ndio, mpaka pale sheli palikuwa na dimbwi.

Mzee wa Plagi
Basi chomoa mafuta kidogo kwenye tenki, weka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache kama nusu saa usiitikise. Maji mazito kuliko petroli, yatakaa chini. Fanyia nje na usivute sigara tafadhali.

Forester_XT
Na usipende kuweka mafuta wakati lori linashusha, uchafu wa chini unakuwa umetibuka. Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) chukua kila siku, bila hiyo hata ukienda kulalamika EWURA unaonekana mpiga stori.

Kibinda_Tegeta
Wakuu nimerudi. Chupa imekaa, juu petroli, chini kuna maji kama vidole viwili na mstari kati yao umenyooka kabisa, mke wangu kaniuliza ni juisi gani. Fundi mwingine kashusha tenki, kalikausha, kabadilisha filta na kasafisha plagi, gari imetulia kama siku ya kwanza. Kichupa sijanunua. Shida risiti sikuchukua, nimerudi pale dogo wa pampu ananiambia "bro, labda maji uliyatoa kwako".

Dada Mkwaju
😂😂 Labda uliosha gari kwa ndani.

Mzee wa Plagi
Ile chupa usiitupe. Na ukijaza kwingine chukua risiti, hata kama ni ya elfu 5.