Nyangumi kwa sisi wa Dodoma: Unguja, Mafia, Mtwara au Watamu? Naomba ulinganisho

MamaWawili_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Tuko Dodoma, familia ya watu wanne, watoto mmoja darasa la tatu mwingine la sita, bahari wameiona kidogo sana na mimi mwenyewe ni wa Mpwapwa kwahiyo msinicheke. Tangu wameona video ya nyangumi anaruka nje ya maji nyumbani hakukaliki, wanataka kumwona kwa macho yao. Nimeanza kuulizia na kila mtu anavutia kwake: wa Unguja anasema Kizimkazi, mwingine Mafia, dada mmoja ofisini kasema tusijisumbue twende zetu Watamu Kenya, na shemeji yangu wa Mtwara anaapa kwamba Msimbati wanaonekana ukiwa umekaa ufukweni unakula muhogo. Jirani yangu kuna wakala alimuuzia safari ya Unguja kwa ahadi ya "nyangumi asilimia mia", wamerudi wameona pomboo tu na hela haikurudi. Naomba wanaojua mnilinganishie. Nafikiria Nanenane kwa sababu ya mapumziko, au Desemba watoto wakifunga shule. Mpaka Dar tutashuka na SGR.

Mvuvi_wa_Hombolo
Njooni Hombolo bwawani, mtumbwi upo, perege wapo, na nahodha ni mimi. Natania dada, nafuatilia uzi.

Kilindoni_Zamani
Dada, kabla hujachagua mahali chagua mwezi, hapo ndo watu wengi wanapopigwa. Nimefanya kazi Mafia kabla ya kuhamishiwa Mtumba kwahiyo naongea ninachokijua. Hawa nyangumi wa nundu hawaishi kwetu, chakula chao kiko huko kusini kabisa Antaktika, huku kwenye maji ya joto wanakuja kupandana na kuzaa, na pwani yetu wanaonekana kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, Novemba ni wa mwisho mwisho. Desemba hakuna nyangumi wa kumtegemea. Mtu akikuuzia safari ya nyangumi Desemba muulize anamtoa wapi.

Desemba Mafia unakwenda kuona papa potwe. Huyo ni samaki kabisa, ana mashavu ya kupumulia majini, hapandi juu kuvuta pumzi, ila kuna mawakala wanawachanganya makusudi kwa sababu wote wakubwa na mteja wa bara hatauliza. Msimu wa potwe ni Oktoba mpaka Machi, wanakuwa upande wa magharibi wa kisiwa karibu kabisa na Kilindoni, wanafuata vijidudu vya majini na tudagaa, na mara nyingi wavuvi wa dagaa ndo wanaowaambia manahodha leo wako wapi. Wengi wa pale ni madume machanga, mita sita saba hivi, na ukijua kuogelea unaruhusiwa kuingia nao majini bila kuwagusa. Watafiti waliwavisha vifaa vya kuwafuatilia wakakuta wengi hata nje ya msimu hawaendi mbali, wanashuka tu maji ya kina na kusogea nje kidogo ndo maana hatuwaoni.

Sasa upande wa nyangumi kuna kitu mawakala hawasemi. Msimu wake ndo msimu wa kusi. Upepo unavuma, bahari inachafuka hasa Juni Julai Agosti, na kwenye maji yenye povu jeupe kila mahali huwezi kuona pumzi ya nyangumi ikitoka hata kama yuko karibu, achilia mbali kwamba nahodha mwenye akili anaweza kukataa kutoka kabisa. Septemba kuelekea Oktoba kusi inapungua nguvu na nyangumi bado wapo. Ningekuwa mimi ndo mwenye hela ningeenda mwisho wa Septemba, nitoke asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

MamaWawili_Nkuhungu
Asante sana mkuu, kumbe. Sasa Septemba shule iko wazi, huyu wa la sita mwalimu wake hataki kusikia habari ya ruhusa. Kwahiyo Nanenane ndo nife na mawimbi?

Kilindoni_Zamani
Hufi ila utatapika 😄 Nanenane inawezekana, hesabu tu asubuhi kadhaa, usiende kwa asubuhi moja. Bahari ikikataa siku ya kwanza uwe na ya pili na ya tatu.

mwl_wa_Mtwara
Shemeji yako hajakudanganya, hajamalizia tu. Nimefundisha Mtwara miaka kadhaa, sasa niko Chamwino. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilianzishwa mwaka 2000, na upande wa Ruvula maji yanashuka kina ghafla karibu na nchi kavu kwahiyo ni kweli nyangumi wanapita si mbali na ufukwe, siku ya bahati unamwona akiwa kwa mbali anapiga mkia. Ufukwe wenyewe mzuri kupita maelezo, na watu hawajajaa kama Nungwi.

Sasa ambalo hajamalizia: biashara ya boti za watalii pale ni ndogo sana, unaweza kujikuta unaongea na mvuvi mwenye boti ya faiba na injini moja, hana jaketi za kuokolea za watoto, na kusi ikipiga kule hakuna kisiwa cha kukukinga. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa pia, na kutoka Dodoma ni safari, unashuka Dar halafu unaanza upya basi la Mtwara kupitia Lindi, watoto wanafika wamechoka hoi. Mimi ningempeleka mtu mzima mwenye subira. Watoto wa la tatu, hapana.

Binti_Kondoa
Mi niliwahi kwenda Kizimkazi na kikundi cha kazini na nitasema ukweli japo wenzangu wa Unguja watanuna. Pomboo wapo kweli na wapo mwaka mzima, hiyo haina msimu, kwahiyo aliyekwambia utaona pomboo hajakudanganya. Shida ni namna wanavyoonwa. Boti zinatoka nyingi kwa wakati mmoja, mmoja akiona pezi wote wanakimbilia hapo, pomboo wakizama boti zinawazunguka, wakiibuka watu wanarushwa majini juu yao, yaani nilikaa nikawaza hawa viumbe wanalala saa ngapi. Wale pomboo mchana wanapumzika na kunyonyesha. Eneo lenyewe ni la hifadhi, Ghuba ya Menai, na kanuni zipo, ila abiria akimwambia nahodha "sogea sogea" na bakshishi iko mkononi unategemea nini.

Nyangumi Unguja wanapita, wanaonekana kusini kwa Kizimkazi na kaskazini mashariki huku Mnemba, lakini ni bahati ya mtu aliyetoka kwa shughuli nyingine. Wapiga mbizi wa Mnemba wanasema msimu huo ukizama unasikia madume wanaimba hata kama humuoni hata mmoja. Uzuri wa Unguja ni kwamba nyangumi asipotokea bado una Mji Mkongwe, una mashamba ya viungo, una urojo, watoto hawarudi na mikono mitupu.

Dereva_Singida_Mombasa
Watamu watu wamejipanga, dada yako wa ofisini yuko sahihi. Nimepeleka wageni. Boti zinatoka alfajiri, ni boti kubwa zilezile za kuvulia samaki wa bahari kuu, na waongozaji wengi wanashirikiana na Watamu Marine Association, kila nyangumi anayeonekana anaandikwa, wanapiga picha chini ya mkia maana kila mmoja ana madoa yake hayafanani na ya mwenzie, kwahiyo wewe abiria unakuwa sehemu ya kazi. Agosti na Septemba ndo wanachanganya kwelikweli. Na wanakaa mbali nao, mama mwenye mtoto hawamsogelei hovyo.

Ila hesabu ya kwetu: kutoka Dodoma uende Tanga, Horohoro, uvuke Lunga Lunga, Mombasa, Kilifi, ndo Watamu. Watoto nao wawe na hati zao za kusafiria msije mkakwama mpakani, na kadi za homa ya manjano mkononi. Na bei ya boti ni ya kitalii haswa, waulize kama ni kwa kichwa au kwa boti nzima, hapo ndo tofauti kubwa ilipo. Kinachonichekesha mimi ni kwamba nyangumi hao wanatoka kusini, wengi wamepita Mtwara na Mafia kwetu ndo wakafika kwa Wakenya, halafu tunavuka mpaka kwenda kuwalipia huko.

udom_baiolojia
Naongezea kuhusu kupanda na kushuka kwa msimu maana watu wanadhani nyangumi wana ratiba kama treni. Jike la nundu kwa kawaida halizai kila mwaka, mimba ni karibu miezi kumi na moja mpaka mwaka, halafu kunyonyesha, kwahiyo wengi wanazaa kila baada ya miaka miwili mitatu. Akiwa huku kwetu hali kitu karibu msimu mzima, anaishi kwa mafuta aliyojaza kule kusini, ndo maana mwaka ambao vijidudu vile vyekundu wanavyokula vimepungua Antaktika unaweza kuona matokeo yake huku, wachache wanakuja au wanachelewa. Na ndani ya msimu mmoja pia kuna tofauti: Julai wengi wanapita haraka kuelekea kaskazini, Septemba na Oktoba kuna akina mama na watoto wanarudi taratibu, mtoto anazaliwa na mita nne hivi, hawezi kukaa chini muda mrefu, anaibuka mara kwa mara na mama anaibuka naye. Hao ndo rahisi kuwaona, na ndo wa kuwaheshimu zaidi.

Kwa jumla lakini wanaongezeka. Karne iliyopita waliwindwa nusura waishe, nyangumi wa nundu wa kusini mwa dunia walizuiwa kuwindwa mwaka 1963 (Wasovieti waliendelea kimyakimya baada ya hapo), na uwindaji wa kibiashara ukasimamishwa rasmi kuanzia 1986. Tunaowaona leo Mafia ni matunda ya hayo.

ZabibuMchungu
Mkitaka uhakika nendeni Hermanus Afrika Kusini. Nilisoma Cape Town, ni kama saa moja na nusu kwa gari, unasimama juu ya mwamba bila boti bila kutapika unawaona chini pale, na mji umeajiri mtu wa kupiga baragumu la mwani kutangaza nyangumi wako upande gani. Hao ni aina nyingine, hawana pezi la mgongoni, wana magamba meupe kichwani. Ila hata huko msimu unayumba, 2016 walikuwa wachache watu wakaogopa, 2018 wakajaa, 2019 wakapungua tena, na majike siku hizi yanapitisha miaka mingi zaidi kati ya mtoto na mtoto.

Mvuvi_wa_Hombolo
Mtu kaja kuuliza usafiri wa SGR mnampandisha ndege ya Cape Town 🤣 wana-Dodoma tuna shida

MamaWawili_Nkuhungu
Nimecheka sana. Jamani nimewasoma wote. Baba watoto naye kasoma, Watamu kasema labda mwaka mwingine tukishakuwa na hati za watoto. Mtwara nimeelewa. Imebaki Unguja Nanenane kwa kubahatisha, au Mafia Desemba kwa potwe. Wa la tatu nimemuuliza ungependa samaki mkubwa kuliko wote duniani au nyangumi ambaye labda hatatokea, kajibu "vyote". Mnasemaje? Na Mafia tunafikaje na watoto bila ndege?

Kilindoni_Zamani
Mafia Desemba, sina hata haja ya kufikiria. Bahari ya kaskazi upande wa Kilindoni inakuwa tulivu kuliko hiyo ya Agosti, boti haiendi mbali, na uwezekano wa kuona ni mkubwa kuliko wa nyangumi mahali popote hapa nchini. Si uhakika, kuna siku nao hawaonekani, kwahiyo kaeni angalau siku mbili tatu. SGR daraja la kawaida ilianza na 31,000 mpaka Dar, angalieni bei ya sasa na mkate mapema maana Desemba tiketi zinaisha. Dar mnalala, asubuhi mnakwenda Mbagala Rangi Tatu mnapata gari za Nyamisati, pale ndo mnapanda kivuko kwenda Kilindoni. Mkishafika Dar ulizeni ratiba ya siku hiyo kwanza, Nyamisati ni bandari ya kwenye mikoko na chombo kinafuata maji kujaa na kupwa, msije mkakaa pale na watoto nusu siku. Ndege ndogo kutoka Dar ipo, ni ya dakika chache ila kwa watu wanne mtaumia.

Binti_Kondoa
Naunga mkono Mafia. Ila dada muulize nahodha kabla hujalipa: ana jaketi za kuokolea za saizi ya watoto? Anaingiza watu wangapi majini kwa potwe mmoja? Akikujibu "wote tu mama hakuna shida" tafuta mwingine. Na ukisikia "asilimia mia" ujue ni ndugu yake yule wa jirani yako.

mwl_wa_Mtwara
Kichefuchefu: vidonge vya safari vinauzwa duka la dawa, muulize mfamasia kipimo cha watoto, wanywe kabla ya kupanda chombo, siyo wakishaanza kutapika. Wale kidogo, chapati kavu, wasipewe maziwa. Wakae katikati ya boti wakiangalia mbali, simu wasizishike.

MamaWawili_Nkuhungu
Basi Mafia Desemba. Kesho naanza na tiketi za treni. Kilindoni_Zamani nakufuata inboksi kuhusu nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida, maana nilizoziona mtandaoni zote ni za dola.

Kilindoni_Zamani
Karibu. Zipo za shilingi pale Kilindoni mjini, safi tu, wenyewe hawajui hata kuweka picha mtandaoni. Nitakutumia namba.