Gumzo la ukoo: Jumamosi ya mbwamwitu

Rehema 19:04
Wapendwa, Jumamosi saa 2 usiku kwangu tunaangalia filamu ya Howling III, ile ya Australia ya 1987. Kila mtu ajibu LEO.

Rehema 19:41
Tisa mmesoma. Kimya cha nini?

Juma 19:52
Ile ya watu mbwamwitu wenye mfuko kama kangaruu? 😂😂

Rehema 19:54
Hiyohiyo, na usiicheke. Yule binti mbwamwitu, Jerboa, akishajifungua, kale katoto kanapanda tumbo la mama peke yake, kamelowa, hadi kanaingia mfukoni. Kangaruu ndivyo anavyozaliwa kweli, mdogo kama punje ya haragwe, haoni, anajikokota tu kwenye manyoya. Bajeti ilikuwa ndogo, kinyago unakiona ni kinyago, lakini pale mimi hulia kila mara.

Juma 19:57
Sasa mama akikimbia usiku mtoto hadondoki?

Asha 19:58
Anafunga zipu 😂😂😂

Rehema 19:59
Jamani, PROJEKTA. Nani analeta?

Rehema 20:00
Na chimbuko la hao watu mbwamwitu wa filamu ni yule mbwamwitu wa Tasmania mwenye milia mgongoni. Wa mwisho anayejulikana alifia bustani ya wanyama ya Hobart, 1936. Mnacheka nini?

Salim 20:46
Projekta ninayo. Ila tuanze na ya pili, yumo mwigizaji Christopher Lee.

Rehema 20:48
Lee huyo alikuja kumwomba radhi Joe Dante, mwongozaji wa ile ya kwanza, kwa kucheza humo! Halafu Salim, wewe kuchagua filamu huna haki. Kanda ya Mjomba nani aliirekodi mpira juu yake?

Salim 20:50
Tumeanza. Nilikuwa na miaka 11, dada.

Rehema 20:51
Kibandiko kiliandikwa kwa wino mwekundu: MSIFUTE.

Juma 20:51
Na mpira wenyewe suluhu bila bao 😂

Asha 21:05
Watoto waje? Yule mcheza baleti anageuka mbwamwitu katikati ya mazoezi, wangu hatalala.

Mama Mkubwa 21:37
Marehemu alijua kanda imefutwa. Aliikuta jioni ileile. Akaniambia mtoto asiambiwe neno, akakaa akauangalia mpira ule mpaka mwisho.

Salim 22:20
Shikamoo Mama Mkubwa. Sikujua.

Mama Mkubwa 22:24
Marahaba mwanangu. Lete hiyo projekta. Utakaa karibu nami, macho yangu hayasomi tena maandishi ya chini.

Rehema 22:40
Sawa mama.

Rehema 22:41
Salim, nisamehe.

Hamisi 06:12
Habari za asubuhi. Ni Jumamosi hii au ijayo?

Rehema 06:15
Hamisi, soma juu! Asha, la watoto nitakujibu. Wengine sita bado nawasubiri.

Salim 06:58
Waya wa projekta nilimwazima Juma.

Rehema 06:59
Juma?

Rehema 07:30
JUMA.